Wasii wa Baba

Marehemu Baba aliandika wosia wake mwaka 2011. Karatasi mbili za daftari, mashahidi wawili, na jina la wasii, yaani mtu wa kusimamia wosia: mdogo wake, Ami yangu. Baba hakukosea kuchagua. Ami alishika hesabu za msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, miaka mingi, na shilingi ikipungua hapati usingizi mpaka ajue imekwenda wapi. Lakini siku tuliposoma wosia, baada ya khitma, Ami alikuwa amekaa nasi mkekani, kofia ameipakata, ananiuliza, "Kaka mbona hajaja?"

Mara ya kwanza nilimwambia Baba amefariki. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia, na kwake ilikuwa kweli ndiyo kwanza. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu vilevile, akalia tena. Siku ya tatu nikamwambia, "Ametangulia, Ami." Akaomba viatu vyake amfuate. Tangu hapo hilo ndilo jibu langu.

Daktari alishatuambia kuwa ule ni ugonjwa wa kusahau, si uzee tu. Baba alijua pia, na wosia hakuubadilisha. Nadhani alimwonea haya mdogo wake. Ndiyo maana nakuomba wewe ambaye mzazi wako yu hai: muulize wasii wake ni nani, yu mzima wa akili, na asipoweza ni nani atakayeshika nafasi yake.

Ndugu mmoja alishauri tumpeleke Ami mahakamani aweke dole gumba tu, kazi tutafanya sisi. Nilikataa. Mtu aliyeishi kwa kuhakiki kila senti unawezaje kumshika mkono akandamize kidole kwenye karatasi asiyoielewa? Na mrithi yeyote angekuja kulipinga jambo hilo baadaye, angekuwa na haki.

Hofu yetu ilikuwa kwamba wasii asipoweza, wosia nao umekufa. Sivyo. Karani wa Mahakama ya Mwanzo alitueleza kwa upole: hakimu anapoteua msimamizi wa mirathi huangalia matakwa ya marehemu, ila akiona ipo sababu ya kutomteua aliyetajwa, humteua mwingine anayehusika na mirathi hiyo. Sadaka ambayo Baba aliiusia msikiti, ndani ya thuluthi, ile theluthi moja ya mali ambayo Mwislamu anaweza kuiusia, ingebaki palepale.

Tukakaa kikao cha familia, tukaandika muhtasari, kila mtu akasaini. Tulirudishwa mara moja, kwa sababu tuliandika "Ami ni mgonjwa" bila barua ya daktari. Tukaileta, pamoja na cheti cha kifo na wosia wenyewe. Tangazo likabandikwa. Siku ya kusikilizwa hakimu aliwauliza warithi mmoja mmoja kama yupo mwenye pingamizi, kisha akatuteua mimi na kaka yangu.

Kuanzia hapo una miezi minne ya kupeleka fomu namba tano, yenye orodha ya mali na madeni yote. Nyumba ilikuwa rahisi. Kilichotutesa ni shamba la machungwa kule Muheza, maana hati haikuwepo na mpaka wa upande wa bondeni hatukuujua. Tulimchukua Ami kwenye gari ili apunge upepo tu. Tulipofika alishuka, akapita katikati ya michungwa bila kuuliza njia, akasimama kwenye mkorosho uliopinda na kuupiga kofi shinani. "Hapa. Kaka alikuwa huku, mimi kule, tukavuta kamba." Asubuhi ile hakukumbuka kama amekunywa chai. Hata hivyo tulimwita jirani mzee na mwenyekiti wa kitongoji, hatukuandika kwa neno la Ami peke yake. Jirani akasema ni palepale.

Sasa tumefika fomu namba sita, hesabu za mgawanyo. Kabla ya kuipeleka mahakamani nilimsomea Ami barazani, taratibu, fungu kwa fungu. Nilidhani amesinzia. Nilipomaliza akafumbua macho.

"Mke wa Kaka kapewa chake?"

"Thumuni yake, Ami. Kaipata."

"Na deni la duka?"

Nikarudi juu ya karatasi nimwonyeshe mstari wenyewe. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho, kwenye tarakimu.