Siku moja na mashine yenye jicho, Mafiati

Saa 11:40 alfajiri. Julai ya Mbeya haina huruma. Nimeoga maji ya moto nusu ndoo, nikavaa masweta mawili na kitenge juu yake. Dereva wa bajaji kajifunga shuka kichwani kama anakwenda jando.

Saa 1:15. Mzee ameshafungua karakana na kuwasha jiko la mkaa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Ukungu umekuachia njia?" Yeye anachonga vyuma kwenye lathe tangu kabla sijazaliwa. Mimi ni wa kompyuta, na wateja wengi wananiita yule binti wa kamera.

Mashine yetu ya kuchonga vyuma, ya kuongozwa na kompyuta (CNC), haikutoka kiwandani. Fremu tumeiunga wenyewe. Ina mota tatu za hatua, skrubu zinazosogeza milimita 5 kwa mzunguko, kadi ndogo ya Arduino Uno yenye GRBL, programu inayoendesha mota, na kamera ya USB niliyoifunga ubavuni mwa spindo, kichwa kinachozungusha biti ya kukatia. Tumeiweka hatua 1,600 kwa mzunguko, yaani 320 kwa kila milimita. Kwenye karatasi inapendeza sana. Tatizo ni kwamba mota hizi zinatembea gizani: ukiziambia zipige hatua elfu moja zitapiga, lakini zikikwama njiani hazirudi kukuambia. Kamera niliifunga kwa sababu hiyo.

Saa 2. Kabla ya kazi yoyote napima umbali kati ya kamera na biti. Natoboa kitundu kwenye kipande cha plastiki, kisha nasogeza mashine mpaka kitundu kikae kwenye msalaba wa skrini. Leo X, umbali wa kushoto-kulia, imetoka milimita 61.42. Jana ilikuwa 61.39. Dogo, msaidizi wetu, anaapa hajaigusa kamera akifagia.

Saa 3. Kazi ya leo ni sahani 12 za alumini za pampu za kumwagilia viazi, unene milimita 8. Mteja wa Uyole amezitoboa matundu manne ya bolti kwa keekee ya mkono, na sasa anataka tundu la milimita 42 katikati ya hayo manne. Hakuna sahani inayofanana na mwenzake. Mzee angezichora moja moja kwa kalamu ya chuma, apige senta panchi, azifunge kwenye lathe na kusogeza mpaka zikae. Ni nusu saa kwa kila sahani, na mgongo wake siku hizi unalalamika.

Mimi nafanya hivi. Kamera inakwenda juu ya tundu la kwanza, programu niliyoiandika kwa lugha ya Python na OpenCV, maktaba ya kusoma picha, inatafuta ukingo na kulizungushia duara. Halafu sichukui kipimo hapo hapo. Naiambia mashine isogee mpaka tundu liwe katikati ya picha, ipige picha tena, isogee tena. Ikifika mara ya tatu kosa limeshaisha, na kipimo ninachoandika ni cha mashine yenyewe. Sahani ikiwa nene au nyembamba, picha inakua au inapungua, lakini katikati inabaki katikati. Na kila mara nalifikia tundu nikitokea kushoto, kwa sababu skrubu zina mlegeo na ukigeuza njia zinakudanganya.

Jambo moja lilinitesa wiki nzima mwanzoni: kamera huweka picha kwenye foleni. Mashine imesimama, wewe unaletewa picha ya ilipokuwa nusu sekunde iliyopita. Sasa natupa picha tano za kwanza, ndipo naangalia.

Saa 4:20. Sahani ya kwanza na ya pili safi. Ya tatu Mzee kaiokota, kaipima kwa vernia bila kusema neno. Kutoka tundu la bolti hadi tundu kubwa, upande huu 14.2, upande wa pili 13.0. Tumekwenda pembeni milimita 0.6.

Niliona haya, maana programu yangu ina ulinzi: inalinganisha katikati ya matundu mawili yanayotazamana na katikati ya mawili mengine. Zikitofautiana, inagoma. Haikugoma. Ukungu ulikuwa umeondoka mlima Loleza, jua limeingia mlangoni, na ukuta wa ndani wa kila tundu ulikuwa unang'aa upande mmoja. Kamera ikaona tundu limeanza mbele kidogo. Yote manne yakasogea upande ule ule, kwa kiasi kile kile. Mashahidi wanne wamefundishwa uongo mmoja, hakimu atafanyaje? Nilichokipuuza kilikuwa kipenyo: matundu ya 8.5 yalikuwa yanasomeka 7.3, na mimi nilikuwa sikiangalii.

Dogo katumwa Mwanjelwa kununua mkanda wa LED, ule wanaopambia bajaji. Tumeinua sahani juu ya vipande vya mbao, tukaweka mkanda chini kwenye pembe tu ili biti isiufikie, na karatasi nyeupe juu yake. Sasa tundu linawaka na sahani ni kivuli cheusi. Jua liingie linavyotaka. Nimeongeza na sharti la kipenyo.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8:20. Sahani ya nane, biti imeshashuka milimita 5, umeme ukakatika. Zamani hapo ndipo sahani ilipokuwa inakufa. Mashine ikizima inasahau iliko, na swichi zetu za kuionyesha pa kuanzia ni za bei rahisi, zinairudisha karibu tu, tofauti ya sehemu kadhaa za milimita. Nikazungusha skrubu kwa mkono kuitoa biti, tukakaa kuota moto.

Saa 9:35 ukarudi. Sahani bado imefungwa, hatukuigusa. Kamera ikayatafuta tena matundu manne, ikapata katikati, mimi nikagusisha biti juu ya sahani kwa karatasi kupata kimo. Dogo akadondosha mafuta ya taa, biti ikaendelea pale ilipoachia. Ilipomaliza nikapitisha kidole ndani ya tundu. Hakikukwaa popote. Mzee akapitisha chake, akaenda kumimina chai.

Saa 11 jioni. Mteja kaja na bolti zake mfukoni, kajaribu moja baada ya nyingine. Ile ya tatu nilimwonyesha kabla hajauliza. Gharama ya alumini ya kuifidia, Mzee atanikata mimi. Mteja akiondoka na zake kumi na moja, Mzee akatafuta msumari, akaitundika ya tatu juu ya monita, upande ulioharibika ukiangalia kiti changu.