Siku moja na ΔU: kidato cha tano, Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai natunga swali la leo. Namba za kubahatisha humfundisha mwanafunzi kujumlisha na kutoa tu, kwa hiyo nataka namba ambazo gesi yenyewe ingezikubali. Nachagua heli ndani ya silinda yenye pistoni. Kanieneo ni paskali (Pa) 100,000 na haibadiliki, ujazo unapanda kutoka lita 2 hadi 5, joto linaloingia ni jouli (J) 750. Nishati ya ndani (U) imebadilika kwa kiasi gani, yaani ΔU ni ngapi?

Saa 2:00 asubuhi. Vipindi viwili mfululizo, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tunaanza na kazi: kanieneo mara badiliko la ujazo (lita 3 ni mita za ujazo 0.003), 100,000 × 0.003, yaani J 300. Gesi ndiyo iliyosukuma pistoni, hivyo hizo 300 zimetoka kwake. Q ikiwa joto lililoingia na W kazi iliyofanywa na gesi, ΔU = Q − W = 750 − 300 = J 450.

Mkono unanyooshwa. "Madam, mwalimu wa kemia anatuandikia Q + W. Tumfuate nani?"

Nalipenda swali hili, na huwa nalipa muda. Kwenye kemia W ni kazi ambayo gesi imefanyiwa. Kwetu ni kazi ambayo gesi imefanya. Gesi iliyotanuka imefanyiwa kazi ya −300, na 750 + (−300) bado ni 450. Ninachokataa ni kukariri alama. Chora mpaka kuzunguka gesi, chora mishale ya nishati inayoingia na inayotoka, ndipo uandike fomula. Mimi husahihisha mishale kwanza, jibu baadaye.

Mwingine anaandika "joto lililomo ndani ya gesi". Hapo nasimamisha darasa. Salio la simu hupanda ukiweka pesa kwa wakala au ukitumiwa na ndugu, lakini zikishaingia huwezi kuonyesha shilingi ya wakala ni ipi na ya ndugu ni ipi. Joto na kazi ni njia za kuingia na kutoka. Kinachokaa ndani ni U. James Joule alilionyesha hilo miaka ya 1840: vizito vilivyoshuka vilizungusha makasia ndani ya maji, na jotoridi la maji likapanda bila moto wowote. Q sifuri, U juu.

Saa 4:30. Chai na kiazi kitamu, na madaftari ya kusahihisha.

Saa 5:20. Maabara. Pampu ya baiskeli, tundu limezibwa kwa kidole, msukumo wa haraka. Sehemu ya chini ya pampu inapata moto. Hewa haina muda wa kupoteza joto, Q ni karibu sifuri, W ni hasi kwa kuwa sisi ndio tunaoisukuma, basi ΔU ni chanya. Kijana mmoja anabisha: huo ni msuguano tu. Hoja nzuri, tuijaribu. Anapampu tena kwa kasi ileile, tundu likiwa wazi. Msuguano upo kama mwanzo, lakini pampu inapata joto kidogo mno. Anagusa, anaguna, anaandika.

Saa 8:00 mchana. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na mtego ninaouona kila mwaka. Gramu 1 ya maji inageuka mvuke kwenye 100°C. Jotoridi halijabadilika, kwa hiyo nusu ya darasa inaandika ΔU = 0. Kanuni hiyo ni ya gesi bora peke yake, ile ya kufikirika ambayo molekuli zake hazivutani! Hapa joto linaloingia ni takriban J 2,260. Ujazo unaruka kutoka sentimita 1 ya ujazo hadi kama 1,670, na kuisukuma hewa ya nje kunagharimu J 169 hivi. Zinazobaki, karibu J 2,090, zimetumika kuzitenganisha molekuli zilizokuwa zimeshikana. (Namba hizi ni za usawa wa bahari. Hapa Mbeya, mita kama 1,700 juu, maji huchemka kwenye 94°C hivi, na wanafunzi wangu wanaopika maharage wanaelewa kwa nini hayaivi upesi.)

Saa 2:00 usiku. Prepo. Msichana wa PCM ameirudia heli kwa njia yake: 3/2 mara kanieneo mara badiliko la ujazo. Amepata 450, ileile. Sasa anataka kujua kwa nini naitrojeni, kwa pistoni ileile na lita zilezile, inadai J 1,050.

Tunachora mishale. Kazi ni 300 kama mwanzo, kwani pistoni haijali ni gesi gani inayoisukuma. Kwa hiyo ΔU ni 750, imezidi ya heli kwa 300. Atomu ya heli huwa peke yake, nishati yake yote ni ya kwenda huku na huko. Molekuli ya naitrojeni ina atomu mbili, nayo huzunguka pia, na mzunguko huo unataka sehemu yake. Anauliza kama molekuli ya atomu tatu ingedai zaidi. Kwa kanieneo ileile, ndiyo. Anafungua ukurasa mpya, anaandika "kabonidayoksaidi", anachora silinda.