Alama ya msasa kwenye buti

Mtoto alikuwa anatafuta mpira wake kwenye buti ya Carina. Akainua zulia, akauliza, "Baba, hapa nani kakwangua?" Pana duara dogo kama sarafu, rangi hakuna, pembeni kutu, katikati tundu la bolti. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nenda kacheze.

Ni pale nilipofunga athi, waya wa hasi unaobanwa kwenye bodi, ya sabufa, yaani spika ya besi. Mkesha wa Idd, 2011, uani kwa mjomba, barabara ya 12, Ngamiani. Wakati huo gari bado lilikuwa lake. Alikuwa na lalamiko moja tu: nyimbo zake za Black Star Musical Club, taarabu ya hapahapa Tanga yenye gitaa la besi, zilisikika kwenye gari "kama zinapigwa ndani ya debe". Kweli kabisa. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya mlangoni ya inchi sita na nusu huko chini haifiki.

Boksi nilichonga la MDF, mbao za unga uliogandamizwa, ya milimita 18, lililozibwa pande zote, ujazo wa lita 28 hivi, spika ya inchi 12. Spika ilikuwa na koili mbili za omu 4, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Niliziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikawa omu 2, ndizo amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ilizotaka ili itoe wati 300. Ukiziunga kwa mfululizo unapata omu 8, na nguvu inashuka. Waya wa betri niliupitisha chini ya plastiki za vizingiti upande wa kushoto, nyaya za sauti kulia, kwa sababu zikilala pamoja utasikia altaneta, jenereta ya gari, inalia ndani ya spika, na mlio unapanda kila ukikanyaga mafuta. Kisha waya mwembamba wa rimoti kutoka kwenye redio, ule unaoiamsha amplifaya. Ukiusahau, amplifaya haiwaki. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye betri, haizimi, na asubuhi mnasukuma gari.

Athi ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Waya mfupi, usiozidi nusu mita, unene uleule wa waya wa betri. Msasa mpaka chuma king'ae, maana rangi haipitishi umeme. Bolti ikabanwa, grisi juu yake, kwa kuwa chumvi ya bahari yetu haina simile na chuma kilicho wazi.

Kwa hiyo yale magumu niliyapatia. Nikakosea mawili ambayo hata mtoto angeyaweza. Amplifaya ina fyuzi yake ubavuni, ya ampea 30, nikaona inatosha, mbele kwenye betri sikuweka kitu. Na pale waya ulipopenya ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, nilitoboa tundu kwa drili, nikapitisha waya, nikaendelea. Kipete cha mpira cha kuziba yale makali kilikuwa mfukoni mwangu. Magharibi ilikuwa imeingia, mjomba anagonga saa yake.

Tukatoka kwenda Raskazone. Besi ilishuka vizuri, kioo cha nyuma kikatikisika, mjomba akacheka peke yake. Halafu taa za dashibodi zikafifia, muziki ukakatika, ikaja harufu ile ya plastiki inayoiva. Mjomba akasogea pembeni, akazima, akachomoa ufunguo, akanionyesha ukiwa kiganjani: "Nimezima, mjomba!" Na moshi unaendelea kutoka chini ya dashibodi.

Waya ule haupiti kwenye swichi. Unatoka betri moja kwa moja. Makali ya tundu yalikuwa yamekula ganda lake kwa mtikisiko wa injini, shaba ikagusa bodi, na bodi ndiyo hasi. Fyuzi ya ubavuni mwa amplifaya ilikuwa mita nne nyuma ya ile shoti, haijui lolote. Dawa ilikuwa spana namba 10 tu, kuifungua hasi ya betri. Spana ilikuwa chini, pamoja na tairi la akiba. Juu yake, boksi langu.

Nikasimama na boneti wazi, natazama ganda la waya likivimba na kudondoka kama nta, mikono mitupu. Mjomba anasoma kitu kwa sauti ya chini. Kijana wa bodaboda akasimama, hakuuliza, akatoa spana mfukoni. Nilifungua hasi, moshi ukapungua, tukabaki watatu tunatazama. Alikataa hela.

Baada ya Idd nilivuta waya mpya wa milimita za mraba 10, wa shaba tupu. Ukinunua, ukwangue kwa kisu: wa alumini uliopakwa shaba ni mweupe ndani. Fyuzi ya ampea 40 shubiri moja kutoka betri, kipete cha mpira kwenye tundu. Kichujio, kinachoipa sabufa sauti nene tu, nikakiweka hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Geini, kirekebishi cha nguvu ya amplifaya, nikaipanga kwa mita badala ya sikio: wati 300 mara omu 2 ni 600, kipeuo chake cha pili ni kama 24.5, basi unapiga mlio wa hezi 50, spika imechomolewa, unapandisha mpaka mita isome volti hizo, unaacha.

Mjomba mpaka leo anasimulia kwamba siku ile betri ilikuwa mbovu. Alinunua nyingine. Nilimsindikiza dukani, nikamsaidia kuibeba.