Mimi uliniambia ulikuwa umelala

Najua mnasubiri habari za barua ya posa ya Neema. Imeletwa, wazee wamekula wali kuku, mahari imetajwa, baba mdogo ameguna kisha akakubali. Kazini nako mkaguzi alikuja na ameshaondoka. Mimi wiki nzima niko kwenye maneno ya Mama ya Jumanne jioni.

Habari ya mteremko wa Kitonga na lile basi lililopata ajali nikiwa ndani mnaijua, siirudii. Mnajua pia kwamba nilianza matibabu kwa simu na dada mmoja mtaalamu wa saikolojia aliyeko Dar, kwa sababu hapa Iringa kila niliyemwambia sipati usingizi alinielekeza kwenye maombi au alinitania kwamba nitaishia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila tukianza, huyu dada huniuliza niko wapi, nani yuko karibu, na kama ile namba ya ndugu wa kupigiwa nikizidiwa bado inapatikana. Namba hiyo ni ya Mama.

Tunachofanya ni kuandika. Ameniambia njia hii ilitokea Amsterdam miaka ya 1990, kwa Alfred Lange na wenzake wa chuo kikuu cha kule: mgonjwa anaandika kwenye intaneti, mtaalamu anasoma na kumjibu, hawaonani. Baadaye wataalamu wa Berlin wakaifanya kwa Kiarabu kwa ajili ya watu wa Iraki, wakati kule kutoka tu nyumbani kumfuata daktari kulikuwa hatari. Sehemu ya kwanza unaandika tukio kana kwamba linatokea muda huu. Mimi, sasa, naona nini, nanusa nini, moyo unaendaje, na usihangaike na makosa ya uandishi. Ya pili unamwandikia rafiki wa kufikirika aliyepatwa na kama yako, umshauri. Ya mwisho ni barua kwa mtu wako wa karibu, au kwako mwenyewe, na si lazima uitume. Sisi tumeongeza letu: nikishaandika, namsomea kwenye video.

Sasa, nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia chini ya kenchi. Ukipiga chafya chumbani, jikoni wanakuambia pole. Kwa hiyo huwa napanga muda ambao Mama yuko jumuiya. Jumanne jumuiya iliahirishwa, hakuna aliyeniambia. Nikafunga mlango, nikachomeka vile vya masikioni, ambavyo vinaficha sauti ya dada wa Dar lakini yangu haviifichi, nikaanza kusoma. Basi linashuka. Breki zinanuka. Konda anatuambia tutulie. Kiatu changu cha kushoto kimetoka, nakitafuta kwa mguu chini ya siti, watu wanapiga kelele na mimi natafuta kiatu.

Nilipotoka, Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Kiatu ulikipata?"

"Kiatu gani, Mama?"

"Cha kushoto."

Sikujibu. Akatupa kijiwe uani, akaendelea kuchambua.

"Mimi uliniambia ulikuwa umelala."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Nipe hiyo sufuria."

Basi. Nikampa sufuria, maharage yakapikwa, tukala. Lakini yale maneno nimeyarudia kwenye daladala, nimeyarudia mbele ya mkaguzi wa watu na mafaili yake, nimeyasema kwa sauti ya lawama, nikayasema tena kwa sauti ya mtu aliyechoka tu, na hakuna iliyofanana na yake. Hakununa. Hata kunitazama hakunitazama.

Na nilichomwambia wakati ule ningemwambia tena leo. Nilipofumbua macho wodini alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga moja ya kwake na nyingine ya jirani, na nesi alikuwa anampima presha yeye kwanza kabla yangu. Wewe ungemwambia nini? Nililala, Mama, sikuona kitu. Presha ikashuka. Linaloniuma ni kwamba kile kiatu mtu wa Dar ninayemlipa kwa simu amekipata mkononi, na mama yangu amekiokota juu ya kenchi.

Nilimwandikia mtaalamu. Akanijibu: "Kuna lililobaki ambalo ungependa alisikie kutoka kwako?" Nikazima simu. Huyu dada ni mzuri, lakini swali kulijibu kwa swali kuna siku kunanichosha.

Halafu Alhamisi Neema akaja jikoni amejishika tumbo. Kumbe Mama aliposikia "basi linashuka, breki zinanuka" alidhani kuna mtu yuko ndani ya basi muda huohuo ananipigia. Alikwishavaa viatu. Alikwishampigia baba mdogo amtafute yule rafiki yake trafiki, wakalisimamishe hilo basi! Baba mdogo anauliza basi gani, Mama anajibu sijui, lakini linashuka. Tulicheka mpaka ugali ukashika chini. Neema akasema alipoelewa ni mimi ninayejisema mwenyewe, alikata simu akasimama mlangoni kwangu mpaka nilipomaliza. Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamkumbuka baba mdogo na basi lake, nikacheka tena.

Jana nilikaa siti ya mbele kwenye daladala, na zile alama za maswali 20 ya dalili zangu ninayojaza, kila moja 0 hadi 4, zinashuka. Bado ile barua ya mwisho. Ni ya Mama, hilo limekwisha. Shida ni kwamba Mama hasomi bila miwani, na miwani baba mdogo aliikalia siku ya posa. Nikimpa barua atamwita Neema amsomee, Neema atalia, na kwa nyumba hii jirani naye atapata nakala yake. Labda nimsomee mwenyewe, huku anachambua kitu.

Wakati huohuo ule mparachichi wa nyuma umezidi kuinamia bati la jirani, na mvua za Novemba si mbali. Fundi wa kukata matawi ametaja bei ya kununulia mti mwingine. Mama anasema usikatwe mpaka matunda yakomae, jirani anasema bati lake halisubiri matunda. Kama kuna mtu anamjua fundi mwenye huruma Iringa mjini, aniandikie.