Nyimbo za filamu za Kitamil usiku huu

Jamani, tangu magharibi nasikiliza nyimbo za filamu za Kitamil na sijachoka. Zilianza kuniingia nilipompeleka mama Chennai, kusini mwa India, kutibiwa. Mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima, aliwasha redio kila alfajiri akipika, na sauti ya mwimbaji S. P. Balasubrahmanyam ikatufikia pamoja na harufu ya kahawa. Kitamil hatukujua hata neno, lakini mama, mgonjwa vile, alikuwa akitikisa kichwa taratibu.

Kwa za zamani namweka mbele mtunzi wa muziki Ilaiyaraaja, aliyeingia na filamu ya Annakili mwaka 1976. Sikilizeni anavyopanga fidla nyingi juu ya ngoma za kijijini, kisha filimbi inapita katikati. Moyo unalainika! Halafu kuna wimbo "Chinna Chinna Aasai" wa mtunzi A. R. Rahman, kutoka filamu ya Roja ya 1992, maneno ya Vairamuthu, sauti ya Minmini. Yaani "matamanio madogo madogo". Wanarudia neno kama sisi kabisa. Mtunzi wa siku hizi, Anirudh Ravichander, nyimbo zake nazipenda kwa kucheza.

Huo wa Minmini nimemtumia mama sasa hivi. Ameshaurudia mara tatu.