Nimelala kwa laki nne kwenye nyumba ya mbavu za mbwa

Bili ninayo hapa mezani, nimeikunja mara nne kana kwamba ikikunjwa itapungua. Chumba Euro 148. Kifungua kinywa Euro 18 kwa kichwa, na vichwa vilikuwa viwili. Ushuru wa mji kwa mgeni, nao kwa kichwa. Halafu mstari wa mwisho kabisa: maji, Euro 4.50. Maji hayo tuliyakuta mezani chumbani, chupa ya kioo juu ya kitambaa cheupe, pembeni kikadi cha kutukaribisha. Kwetu ukimwambia mtu karibu ukamtengea maji, umempa. Huku Ujerumani karibu yenyewe ina bei. Shilingi elfu kumi na tatu za kwetu Tanzania, chupa moja, tena ya gesi, ambayo mume wangu aliinywa nusu akasema inamtekenya pua.

Sikujipeleka. Nilitimiza miaka arobaini, na wenzangu wa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wakachanga vocha ya Euro 100 ya hoteli ya kale Quedlinburg. Vocha ya hivi ni kama kupewa kilemba: asante, lakini sasa tafuta kanzu ya kuvalia. Kutoka Magdeburg tulipanda treni ya mkoa, saa moja na kitu, kwa ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima. Ukija Ujerumani, kabla hujanunua hata sufuria, kata hiyo. Ilianza Euro 49 mwaka 2023, imekuwa ikipanda, lakini bado ni nafuu kuliko kukata kila safari.

Mji ni mzuri, siwezi kudanganya. Njia zote mawe, begi la magurudumu likipita mtaa mzima unajua mgeni kaingia. Juu ya jabali kuna kanisa alikozikwa mfalme Heinrich wa Kwanza, aliyekufa mwaka 936. Na nyumba zake, zaidi ya 2,000 za miti na udongo, ndizo, pamoja na kanisa hilo, zilizouingiza mji huo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, miaka sita kabla ya Mji Mkongwe wetu wa Unguja. Kwenye boriti za mbele wamechonga mwaka wa kujenga na maneno ya kumtaja Mungu. Nikamwambia mume wangu, hizi nyumba zimevaa kanga.

Hoteli yetu ilikuwa mojawapo. Lifti hakuna. Nikauliza, nikajibiwa kuwa nyumba inalindwa na sheria, mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata dirisha bila kibali, sembuse kutoboa sakafu tatu. Basi tukabeba begi kwenye ngazi nyembamba zinazolia kama mbuzi. Mlango wa chumba umejengwa kwa watu wa zamani, wafupi. Mume wangu alijigonga mara tatu: ya kwanza akasema bismillahi, ya pili akacheka, ya tatu akanyamaza, na mwanamume akinyamaza hivyo humsemeshi. Sakafu imelala upande. Kifuniko cha mafuta yangu kilidondoka, kikabiringika chenyewe taratibu mpaka chini ya dirisha. Kwa laki nne na ushee! Kwetu Muheza, Tanga, kwa hela hiyo ungelala gesti wiki mbili, feni juu ya kichwa, na sakafu iliyonyooka.

Asubuhi nikashuka kunywa chai. Nimesimama tu kuchukua mkate, bibi mmoja mgeni akaninyanyulia kikombe chake kitupu nimwongezee kahawa. Nilikuwa nimevaa gauni la sikukuu na hereni. Nikamwonyesha birika lilipo. Akawa mwekundu mpaka shingoni, akaomba radhi mara nne, na mimi nikabaki namhurumia yeye badala ya kujihurumia mwenyewe. Mtazoea haya mkija. Sisemi myapende.

Nikiwa na bili mkononi na hasira yangu ya maji nikaenda mapokezi. Pale alikuwepo mama mtu mzima, nadhani sabini imempita, miwani kwenye mnyororo. Nilijiandaa kwa Kijerumani changu cha ugomvi, nacho ni kizuri kuliko cha mapenzi. (Ndugu mnaosoma Kijerumani ngazi ya B1 hapo Dar, jifunzeni kulalamika kwa adabu. Mitihani haifundishi, maisha yatawauliza kila wiki.) Hakubishana. Akachukua kalamu, akafuta mstari wa maji, akaandika upya jumla kwa mkono. Kisha akaniuliza, ukutani ngazini nimeona?

Sikuwa nimeona. Akanipeleka. Kwenye ukuta wa ngazi ya kwanza wameacha kipande bila chokaa, kama ukubwa wa sinia, wamekifunika kwa kioo na kukiwekea taa. Nikainama. Ndani nikaona fito. Fito zimesimama, nyingine nyembamba zimesukwa katikati yake kama tenga, na juu yake udongo mwekundu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Na kwenye udongo, ndugu zangu, alama za vidole. Vinne, vimeburuzwa kutoka juu kwenda chini, vile vile anavyoburuza mtu anayekandika nyumba akiwa ameshachoka.

Nilicheka mpaka yule mama akashtuka. Nitamwelezaje? Hii ni mbavu za mbwa. Ni nyumba ya bibi yangu, marehemu, kule Muheza. Maji tulibeba sisi wajukuu, udongo tukaukanyaga kwa miguu, bibi akakandika kwa mkono huu huu.

Yule mama alizaliwa mji ule. Akaniambia enzi za Ujerumani Mashariki nyumba hizi zilikuwa zinaoza, choo uani, makaa unabeba mwenyewe, na kila mtu alitamani kupewa fleti kwenye maghorofa ya zege yenye maji ya moto. Yeye alipopata yake alilia kwa furaha. Kulikuwa hata na mpango wa kubomoa mji wa kale na kumwaga zege, pesa ikakosekana. Umaskini ndio uliouokoa! Akanionyesha pia boriti iliyochongwa IIII na nyingine V: mafundi walikuwa wakiikata miti yote chini, wanaipa namba, ndipo wanaisimamisha. Na mti wa chini kabisa haugusi ardhi, umelazwa juu ya msingi wa mawe usinywe maji. Hapo nikanyamaza, kwa sababu nguzo za bibi zilichimbiwa moja kwa moja ardhini.

Jambo moja sikulisema nikiwa nalalamika. Nje ilikuwa Julai, digrii 33, watu wanatembea na vikombe vya barafu. Chumbani hakuna feni wala AC, na tulilala na shuka juu.

Nyumba ya bibi niliibomoa mimi. Siyo kwa mikono. Mwaka 2019 nilituma hela, ile ya usiku wangu wa zamu za Krismasi, ijengwe ya bloku na bati, nisidharauliwe kwamba niko Ulaya na mama analala kwenye udongo. Picha ya nyumba mpya niliiweka statasi siku tatu.

Nikampigia mama video pale pale ngazini, nikamwonyesha kioo.

"Shikamoo mama. Umeona?"

"Marahaba. Si kuta za bibi yako hizo? Uko wapi?"

Nikamweleza hoteli, nikamtajia bei. Akakaa kimya. Nikamwona nyuma yake ukuta wa bloku, na yeye anajipepea na kifuniko cha ndoo.

"Wao mchwa wanafanyaje?"

"Huku hakuna mchwa, mama."

"Mh." Akajipepea kidogo. "Haya. Na ile hela ya dari usiisahau, hili bati saa nane mchana halikaliki."