Shanzha: dawa ya Wachina ya kuvimbiwa nyama

Ukifika mwezi wa kumi, masoko ya hapa Jinan, mkoani Shandong, yanajaa tunda dogo jekundu lenye vidoadoa, chachu kama ukwaju. Ndiyo shanzha. Watoto hulila likiwa limetungwa kwenye kijiti na kuvikwa sukari iliyoyeyushwa ikagandia juu. Watu wazima hulikata vipande, wakalianika, wakalichemsha kama chai.

Ndugu wa nyumbani wananiuliza kama linatibu presha. Nianze na kazi yake kuu: kuvimbiwa, hasa kwa nyama na mafuta. Umekula ukapitiliza, tumbo limejaa, unacheua harufu ya chakula cha jana. Tabibu wa Kichina atasema chakula kimelala tumboni, na shanzha ndiyo ya kukiamsha. Tabibu Zhu Danxi wa karne ya 14 aliiweka mbele katika vidonge vya Bao He Wan, na hadi leo vinauzwa madukani. Li Shizhen, katika kitabu chake kikubwa cha dawa kilichochapwa 1596, anaeleza kwamba kuku mzee mwenye nyama ngumu akichemshwa na matunda machache ya shanzha huiva upesi. Mimi huyatia kwenye nyama ya ng'ombe yenye mishipa, na inalainika kweli.

Kwenye duka la mitishamba utachagua: kavu ya kawaida, au iliyokaangwa hadi ikaungua nje. Ya kuungua ni ya tumbo lililovurugika na kuharisha. Ya kawaida hupewa pia wanawake wenye maumivu ya hedhi, au waliotoka kujifungua, ikichemshwa na sukari nyekundu inayofanana na sukari guru yetu. Kipimo cha kawaida ni gramu 9 hadi 12 kwa siku.

Sasa presha. Wachina wengi wanainywa kwa presha na mafuta kwenye damu, na Ulaya majani na maua ya jamaa zake yametumika kwa moyo. Lakini nawasihi, mwenye presha asiache vidonge vya hospitali kwa ajili ya chai hii. Anayetumia digoksini au dawa nyingine za moyo amuulize daktari kwanza. Mjamzito asiinywe. Mwenye vidonda vya tumbo aiache, na hata mzima asile tunda bichi kwa wingi akiwa na njaa, maana likikutana na asidi linaweza kugandamana tumboni likawa gumu kama jiwe, na wapo waliolazwa kwa sababu hiyo.